Mawifi Wawili na Figo za Kinyozi

9 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Habari za mapazia? Natumaini mgongo umekupa nafasi tangu ubadilishe kiti cha cherehani. Huku mimi ni mzima. Shule yetu ya udereva bado ina magari yale yale mawili, moja linawaka likijisikia, na wanafunzi bado wanakanyaga breki wakidhani ni klachi. Mwenye nyumba kaahidi tena kuziba paa la jikoni. Sufuria ya kukingia maji iko pale pale ulipoiona.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Juzi ulipopaza sauti nami nikapaza yangu, mdogo wako alikuwa amekaa pembeni anasikia kila neno. Akanyanyuka, akaenda kukaa nje kwenye ngazi na miguu yake ile. Basi tuandikiane, tumpumzishe masikio.

Ilianza na koo. Siku chache akawa anameza mate kwa shida, kisha likapona, tukasahau. Halafu yakatokea madoa miguuni, mekundu yanayoelekea zambarau, kuanzia vifundoni kupanda juu. Mimi nikasema kunguni, nikatoa godoro nje. Yeye akasema ni nywele za wateja zinazoingia kwenye soksi. Kinyozi haishi kulaumu nywele. Siku iliyofuata vifundo vikavimba, viatu vikakataa kuingia, na tumbo likaanza kumkata.

Daktari wetu ni mama mmoja anayeongea taratibu. Alichukua rula ya plastiki, ile unayoweza kuona upande wa pili, akaikandamiza juu ya madoa. Hayakufifia. Akasema hiyo ni damu iliyovuja chini ya ngozi, na ugonjwa wenyewe ni papura, wengine huiita papura ya aleji. Akamuuliza, "Umewahi kuyapata haya kabla?" Mume wangu akajibu kama mtu anayeulizwa saa ngapi: "Ndiyo, nikiwa mdogo. Dada ndiye aliyeniuguza."

Miaka mitano ya ndoa, wifi. Najua meno yake yapi yamezibwa. Najua akilalia ubavu gani anakoroma. Hili sikulijua, na nililisikia mbele ya daktari, nimeshika mkoba wangu kama mgeni.

Daktari anataka kujua kama wakati ule uligusa figo, na kama ulirudi. Nimemuuliza mwenyewe, hakumbuki. Anachokumbuka ni wewe. Kwa hiyo nakuomba uniandikie yote, na naomba uelewe kwamba haikuwa rahisi kwangu kuomba.

Wako,
Wifi yako


27 Februari

Wifi,

Barua yako nimeipata. Huku hatujambo. Nimeshika kazi ya mapazia ya ukumbi mzima, vitambaa vimejaa mpaka kitandani nalala pembeni kama mpangaji. Mgongo haujambo, ahsante kwa kuukumbuka.

Kwanza, huku kwetu tulimwita Kijiti, kwa sababu ya miguu yake. Labda hilo nalo hukuambiwa.

Alikuwa na miaka saba, mimi kumi na sita. Mama alikuwa kiwandani kutwa, baba alikwishajiendea zake. Madoa yalipotoka, watu wa mtaani walidhani nimempiga, nikakaliwa kooni na jirani mmoja mpaka daktari wa wakati ule alipoeleza. Nilimbeba mgongoni hadi shuleni, naye amenuna kwa sababu wenzake wanamwona. Nilikanda magoti yake. Tumbo lilipomkata nilimwekea mkono pale pale chini ya kitovu mpaka akatulia. Mkojo tulipima mwezi hadi mwezi, ukawa safi. Madoa yalirudi mara mbili, kila akipata mafua, yakaisha. Mwambie daktari hivyo. Mengine ni ya nyumbani kwetu, hayana kazi hospitalini.

Sasa nami nikuulize, na usinune. Aleji haiji hivi hivi. Kuna kitu kinaingia tumboni mwake. Unampikia nini siku hizi? Au unarudi umechoka na magari yako mnakula vya kununua? Miaka yote aliyokuwa kwangu akiwa kijana hakutokwa hata na doa moja.

Kwenye kifurushi kuna soksi za pamba, vidonge vya magoti ambavyo mimi navitumia kwa mgongo na vinanisaidia sana, na pazia la chumba chenu. Lile mliloweka nililiona nilipokuja, limepinda upande wa kushoto.

Kama unataka apone, mwache aje akae kwangu. Nina chumba cha mbele kinachopata jua. Ugonjwa huu naujua. Wewe ndio kwanza unajifunza.

Dada wa mumeo


20 Machi

Wifi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua tatu nikazichana, maana hazikuwa za kutumwa kwa mtu mzima.

Kazini hatujambo. Mwanafunzi mmoja ameingiza gari kwenye ua wa maua wa jirani, tumeupanda upya ua huo sisi wenyewe, mimi na yeye, kwa mikono. Mume wangu anafungua duka nusu siku na anaketi kwenye kigoda kirefu akinyoa. Wateja wanamtania kwamba amekuwa hakimu.

Kuhusu chakula, nilimfikishia daktari swali lako. Akasema jina hilo la aleji huwapotosha watu. Mara nyingi papura hii hufuata koo au mafua tu. Kinga ya mwili inachanganyikiwa, inavishambulia vijishipa vyembamba vya mwili huo huo, navyo vinavuja: kwenye ngozi ndiyo madoa, kwenye viungo ndiyo uvimbe, kwenye utumbo ndiyo yale maumivu. Sikumpa sumu, wifi. Nampikia nilichompikia siku zote.

Watu wengi hupona ndani ya wiki kadhaa. Kwa watoto aghalabu huisha bila kuacha alama. Kwa mtu mzima wanaangalia zaidi, kwa sababu ya figo. Atapimwa mkojo na presha mara kwa mara hata madoa yakiisha. Mkojo wa kwanza ulikuwa safi, nikamshukuru Mungu pale pale kwenye korido.

Kifurushi chako alikifungua kabla sijarudi kutoka kazini. Nilimkuta amevaa soksi, amekaa kitandani anatabasamu peke yake. Sijamwona na tabasamu lile tangu augue, na wiki nzima mimi ndiye niliyemkanda. Wivu ulinikaba, nisikufiche. Pazia nimelihifadhi. Vidonge nilimwambia aviache, kwa sababu mfamasia wa mtaani kwetu ameshaniuzia vingine vya magoti, na hivyo ndivyo ninavyompa mimi. Akasema sawa.

Haji huko. Hapa ndipo kwake. Ukitaka kumwona, mlango uko wazi, hakuna aliyekukataza kuja.

Mke wake


6 Aprili

Wifi,

Hatujambo. Ukumbi umelipendelea lile pazia la zambarau, rangi ya madoa yake, nikacheka kimoyomoyo nikiliona.

Umesema hakuna aliyenikataza kuja. Sawa.

Kijiti ameniandikia. Alichoandika ni chake na changu. Nilichomtumia safari hii nimekituma dukani kwake, ili kisikusumbue nyumbani.

Pazia likihifadhiwa linaliwa na nondo.

Wifi yako


2 Mei

Wifi,

Salamu. Sina habari nyingine zaidi ya hii, kwa hiyo niivumilie.

Mdogo wako amelazwa. Jumatatu aliamka uso umevimba, macho yamekuwa mistari miwili. Alitoka chooni akaniita, akanionyesha mkojo. Ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilimfunga mkanda kwenye gari la shule, lile linalowaka likijisikia, na siku hiyo likawaka bila kuombwa. Presha ilikuwa juu sana. Mkojo una damu na protini. Ugonjwa umefika kwenye figo.

Daktari akauliza anatumia dawa gani. Nikataja vidonge vyangu vya magoti. Mume wangu akaingiza mkono kwenye mfuko wa lile koti lake la kunyolea, akatoa maboksi mawili, akayaweka mezani. Moja nilikuwa nimemnunulia mimi. Jingine lilikuwa la kwako.

Wifi, ni dawa ile ile. Kiwanda tofauti, jina tofauti, rangi tofauti, dawa moja. Asubuhi alikuwa akimeza changu mbele yangu nyumbani, akifika dukani anameza chako. Jioni hivyo hivyo. Daktari akamuuliza kwa nini. Akasema, "Sikutaka kumvunja moyo yeyote kati yao."

Daktari akanitazama, akauliza, "Huyo mwingine ni nani?" Nikasema ni dada yake. Akaandika kitu, na nilitamani angenifokea.

Anasema huenda figo zingeguswa tu, ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Lakini vidonge vya aina hiyo ni vizito kwa figo zenye shida, na kwa dozi mara mbili ni kuzikandamiza zikiwa chini. Vyote vimesimamishwa. Wamechukua kipande kidogo cha figo kwa sindano wakakichunguze. Mpaka majibu yatoke, hakuna anayejua.

Ulimtumia boksi la pili dukani kwake. Ulijua anavimeza, ukaniandikia kuhusu nondo.

Mke wake


11 Mei

Wifi,

Nimesoma barua yako nimesimama, mteja ananingoja na futi mkononi. Nilimwambia arudi kesho. Hajarudi.

Usinitwike peke yangu. Nilimtumia nilichokuwa nacho, vidonge ninavyomeza mwenyewe, na sikujua. Wewe pia ulimpa na hukujua. Kama ni mkono, tumeutia wote wawili. Nilijua anavimeza, kweli. Aliniandikia kwamba vinamsaidia kuliko vyako. Nikaisoma ile sentensi mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Sasa naelewa kwamba na wewe alikuambia vyako ndivyo vinavyomsaidia. Niambie kama nimekosea.

Na kwa kuwa tumeshafika hapa, nikutolee la moyoni. Uliniandikia kwamba hakuna aliyenikataza kuja. Yupo. Ni yeye. Machi nilikuwa nimeshafunga begi, nimemwachia jirani ufunguo. Nikampigia kumwambia, naye akasema: "Dada, usije. Mke wangu atajiona hatoshi." Mke wangu atajiona hatoshi! Mimi niliyemwosha, niliyemwachisha kunyonya kidole, nikaambiwa nikae mbali ili wewe utoshe. Nikafungua begi, nikarudisha nguo moja moja. Ndipo nikatuma boksi la pili. Sasa unajua.

Nakuonea wivu, wifi. Nimekuonea tangu siku ya harusi, mliponiweka meza ya pili na wazazi wako.

Niandikie majibu ya figo. Usingoje upate nafasi. Andika hata mistari miwili.

Dada yake


28 Mei

Wifi,

Mistari miwili, kama ulivyosema: figo zimeguswa, lakini si kwa ule ubaya tuliouogopa. Anapewa dawa za kutuliza kinga na nyingine za presha, uvimbe umeshuka, ametoka hospitali, anasema anataka kwenda dukani.

Na hukukosea. Aliniambia vyangu ndivyo vinavyomsaidia.


14 Agosti

Wifi yangu,

Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Hapa paa la jikoni limezibwa hatimaye. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe kujifunza gari, nikamfundisha bila kumpeleka barabarani mpaka fundi alipopanda na bati. Mume wangu amerudi kazini siku nzima. Miguu ni safi. Juni alipata mafua, madoa machache yakatoka, yakapotea. Ukimwona leo utasema huyu hajawahi kuumwa.

Hapo ndipo penye shida.

Kabla hajaruhusiwa daktari alituweka chini, akatueleza safari iliyobaki. Akasema goti likiumwa linapiga kelele, tumbo likiumwa linapiga kelele, lakini figo huumwa kimya. Wapo watu waliopata kama yake, protini ikapungua, wakazeeka nazo salama. Wapo pia ambao figo zilichoka polepole kwa miaka, wenyewe wakidhani walipona zamani, wakaja kugundua zimebaki kidogo sana. Yeye ni wa kundi gani? Daktari akasema hawezi kuahidi, na mtu akituahidi tusimwamini. Kinachosaidia ni kupima. Mkojo na presha kila mwezi kwa sasa, baadaye kwa kuachana zaidi, ila asiache. Presha ikipanda inashushwa mapema. Protini ikipanda dawa zinabadilishwa mapema. Akasema, "Hii ni kazi ya miaka, na ni kazi ya kuchosha kwa sababu mara nyingi hamtaona chochote."

Juni na Julai aliniambia amekwenda. "Wamesema sawa," ndivyo alivyosema. Basi wiki iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wangu mmoja, mama anayefanya kazi maabara ya hospitali hiyo hiyo. Tunajifunza kurudi nyuma langoni. Akaniuliza huku akizungusha usukani, "Mzee anaendeleaje? Hatujamwona tangu atoke wodini." Nilikanyaga breki ya upande wangu, gari likazima katikati ya lango, nyuma watu wanapiga honi.

Nilimkabili. Hakubisha. Akasema sawa, nitakwenda kesho. Kesho yake akafungua duka alfajiri. Nimelia, nimenuna, nimemfichia viatu, akaenda na ndala. Kila ninachosema ananikubalia. Mtu anayekubali kila kitu utamkamatia wapi? Mimi nina breki upande wangu wa gari, kwake sina.

Sasa nitaandika kitu nilichokuficha, na mkono wangu ni mzito. Mei, tumbo lilipomkata wodini, nilikuwa nimemshika. Nilikuwa nimemshika mimi, wifi, na aliita "Dada." Si mara moja. Muuguzi alidhani dada ni mimi, akaniambia, "Dada, msogezee beseni." Nikamsogezea.

Wewe atakusikia. Mwandikie, au mpigie, au panda uje, nitakuwekea chumba. Mwambie aende kupima. Naumia kukuomba, na nikisoma tena barua hii sitaituma, kwa hiyo naifunga.

Wifi yako


30 Agosti

Wifi,

Huku salama. Nimeipata barua yako na, nisijifanye malaika, nilifurahi. Nilifurahi kwa ile "Dada" mpaka nikaona aibu, nikaenda kufua vitu ambavyo havikuwa vichafu.

Kisha nikakaa nimwandikie. Niliandika "Kijiti" juu ya karatasi, na hapo nikakwama.

Nikimwandikia atakwenda. Atakwenda mara moja, kwa ajili yangu, halafu atarudi kwenye sawa zake. Mwezi unaofuata niandike tena? Na mwaka ujao? Umesema miaka. Mimi nimemzidi miaka tisa na mgongo wangu unajihesabia yake. Zile figo zinahitaji mtu aliye naye ndani ya nyumba, atakayekuwepo wakati mimi sipo. Nimelizungusha hili kila upande nikitafuta mahali litakaponiangukia mimi. Halianguki.

Kwa hiyo sitamwandikia. Nitakupa wewe kitu ambacho Februari nilikuficha kwa nia isiyo njema. Nilikuandikia mengine ni ya nyumbani kwetu. Ni hili.

Alipokuwa mdogo alikataa kupima vile vile. Alikuwa akisema sawa, nitakojoa, halafu anakaa chooni mpaka zahanati inafungwa. Nilimtishia, nikamhonga pipi. Siku moja nikamuuliza taratibu, akaniambia kwamba watu wote wanaacha mkojo wao chooni, yeye tu ndiye anapitishwa mbele ya watu ameubeba mkononi. Haikuwa ukaidi, wifi. Ilikuwa aibu ya kuwa mgonjwa peke yake.

Nikaomba kichupa cha pili. Nikaingia choo cha wanawake, nikatoka na changu, nikakishika juu kila mtu akione. Tukapita korido nzima, yeye na chake, mimi na changu, nikiwasalimia watu. Alicheka mpaka karibu amwage. Tangu siku hiyo nilipima naye kila mwezi. Figo zangu nazifahamu kuliko mtu yeyote kwenye ukoo.

Usimwambie aende. Nenda naye, ubebe cha kwako.

Hicho ndicho nilichobaki nacho ambacho huna. Sasa unacho. Usiniombe kingine.

Dada yake


19 Septemba

Wifi yangu mpendwa,

Tumekwenda.

Nilimpitia dukani na gari la shule, nikamwambia mwenzake wa kiti cha pili aendelee na kichwa kilichobaki nusu. Pale hospitali nikaomba vichupa viwili. Aliponiona natoka chooni na changu, alisimama ukutani akanitazama muda mrefu. Nikakiinua juu kidogo. Hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akaingia akarudi na chake. Tukapita mbele ya watu wote. Yule mwanafunzi wangu wa maabara alitupokea akasema leo tumefuatana kama maharusi.

Protini ipo, lakini imepungua sana. Presha yake nzuri. Daktari amefurahi, ila amekataa kutupa maneno matamu, anasema tukutane mwezi ujao. Mkojo wangu ni safi. Presha yangu ndiyo imepanda kidogo, muuguzi akaniuliza kama kuna mtu ananikera nyumbani. Nikamwambia nyumbani hapana, ila nina wifi.

Lipo jambo lazima nikueleze, kwa sababu ulinipa kitu kwa moyo mmoja. Tulipokuwa tunatoka aliniuliza, "Hili nani alikufundisha?" Jina lako lilikuwa mdomoni, wifi, lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikamwambia nimelibuni mwenyewe.

Akanishika mkono mpaka kwenye gari. Sijui kama nimejuta. Nitakapojuta nitakuandikia.

Wako,
Wifi


5 Oktoba

Wifi,

Salamu za kwetu. Ukumbi umefunguliwa, mapazia yangu yamesifiwa na watu wasionijua.

Nimepata barua kutoka kwa Kijiti, imefika siku moja na yako. Ameandika kurasa mbili, jambo ambalo si kawaida yake. Anasema: "Dada, mke wangu kabuni kitu, hata wewe ulipokuwa unaniuguza hukuwahi kukifikiria." Kisha ananisimulia mwanzo mpaka mwisho, vichupa, korido, watu wanavyocheka. Ananisimulia mimi.

Nimekaa na barua hizi mbili mapajani. Ama amesahau kabisa, alikuwa mdogo na homa ilikuwa nyingi. Ama anakumbuka kila kitu, na ameamua kukupa wewe, na amenitumia mimi niwe shahidi. Sijui ni lipi kati ya hayo linaloniuma zaidi, na sitamuuliza.

Nimemjibu. Nimemwandikia kwamba ni kweli, mimi nisingefikiria, na kwamba ana mke mwenye akili.

Mwezi ujao nenda naye tena.

Dada yenu